Gari imefika kilomita 241,000: spea zipi zianze, zipi zisubiri?

Mwendo241

Wakuu, habari za leo.

Gari ni saluni ya petroli, injini ya silinda 4 ya lita 1.8, gia otomatiki ya kawaida (si CVT, ile isiyo na hatua za gia), inavuta kwa magurudumu ya mbele. Ina miaka 17. Taimingi (inayozungusha kamshafti na krenkishafti kwa pamoja) ni ya mkanda, na hakuna kumbukumbu yoyote ya lini ulibadilishwa. Dalili kwa sasa:

Oili inapungua karibu lita 0.6 kila kilomita 1,000, na chini ya gari hakuna tone. Ikiwashwa asubuhi inatoa moshi wa bluu sekunde tatu nne, halafu unakata. Maji kwenye tangi la akiba la rejeta yanashuka upana wa kidole kwa wiki, lakini mshale wa joto hautikisiki. Mbele kushoto kuna mlio wa kugonga "kwa-kwa" kwenye matuta kwa mwendo mdogo, na breki ikikanyagwa gari inavuta kushoto. Stata inazunguka kivivu asubuhi. Gia ikitoka P kwenda D inachelewa karibu sekunde mbili kabla ya kushika.

Fundi mmoja kasema injini ing'olewe iwekwe nyingine. Wa pili kasema oili nzito na dawa ya kuziba rejeta vitatosha. Siwezi kufanya yote kwa mkupuo. Nianze na kipi, na vipimo gani vifanyike kabla ya kununua spea yoyote?

---

Nati17

Mkuu, katika dalili zote hizo hakuna hata moja inayohukumu injini nzima. Zipange hivi: kwanza kinachoweza kuua mtu, yaani breki, usukani, boljointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake) na tairi. Pili kinachoweza kuua injini, yaani maji, oili na taimingi. Tatu kinachokulaza njiani. Kinachokera tu kitasubiri. Kwa hiyo mlio wa mbele kushoto na ule mvuto wa breki vishughulikiwe kwanza, wenzangu watakueleza. Mimi nishike maji, maana ndiyo yanayomaliza injini nyingi za umri huu.

Usiutegemee mshale wa joto. Kwenye gari nyingi umetengenezwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, na sensa yake inasoma sawasawa ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakishuka chini ya sensa, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kurudi chini huku hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda.

Kipimo ni hiki. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mfuniko wa rejeta, funga pampu ya mkono ya kupimia presha, ipandishe mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako (kwa kawaida bar 0.9 hadi 1.1), kisha iache dakika 15. Ikishuka, chukua tochi na uanze na pampu ya maji. Kwenye bodi ya pampu, upande wa chini wa shafti, kuna tundu dogo lililowekwa makusudi. Ukiona mkondo mkavu unaotoka hapo kama chaki, una rangi ya kulanti yako (maji ya rangi ya rejeta), sili ya pampu imekwisha, hata kama kidole hakipati unyevu: maji yanatoka injini ikiwa ya moto na yanakauka papo hapo. Baada ya hapo angalia mshono ambapo plastiki ya rejeta imebanwa na alumini, hosi kubwa zote mbili pale klempu inapokaa, na hosi nyembamba za hita. Inua na zulia la mbele. Likiwa na unyevu wa utelezi wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka.

Presha ikishuka na huoni unyevu popote, gasketi ya hedi inashukiwa. Kata umeme wa koili na wa nozeli, toa plagi zote, acha mfumo na presha usiku kucha, asubuhi zungusha stata kidogo huku umesimama pembeni. Silinda itakayotema maji imejitaja.

Pima na mfuniko wenyewe kwa adapta yake. Springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kukimbilia nje, na watu wanang'oa hedi kwa kosa la mfuniko.

Dawa ya kuziba usiiweke. Haijui tundu baya na tundu zuri. Inaziba vijibomba vyembamba vya rejeta na vya hita vilevile, na ukija kutengeneza kwa haki utalazimika kununua na rejeta.

---

Kijiti_cha_Oili

Nichukue upande wa moshi.

Bluu ya asubuhi inayokata baada ya sekunde chache ni tabia ya sili za valvu. Usiku oili inachuruzika kwenye shina la valvu, inaangukia juu ya pistoni, na inaungua injini ikiwaka. Ringi za pistoni zikiwa mbovu, bluu inatoka zaidi unapokanyaga mafuta kupanda mlima, injini ikiwa na mzigo. Moshi ukitoka unaposhuka mteremko umeachia pedali halafu unakanyaga tena, hiyo pia inaelekea kwenye sili, kwa sababu mvuto ndani ya manifoldi unakuwa mkali na unanyonya oili.

Kabla ya yote hayo angalia valvu ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini kuurudisha kuunguzwa. Ni spea ndogo isiyozidi kidole gumba, inakaa kwenye kava la valvu au kwenye hosi yake. Ichomoe uitikise: nyingi zinatakiwa kulia "tik-tik". Ikiwa kimya imegandishwa na tope la oili. Ikiganda imefunga, presha ya ndani inasukuma oili kwenye kila sili. Ikiganda wazi, inanyonya mvuke wa oili kuupeleka kuunguzwa. Ibadilishe pamoja na kijibomba chake cha mpira, kisha pima matumizi ya oili upya kwa kilomita 1,000 kamili.

Halafu pima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa koili na wa nozeli umekatwa, betri imejaa, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, mizunguko mitano kwa kila silinda. Andika namba zote. Namba kubwa peke yake haikuambii mengi. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi asilimia 10 hadi 15. Iliyo chini mwagie kijiko cha chai kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Kompresheni nzuri haizitoi hatiani ringi za oili, maana zile za juu zinazoshika presha ni nyingine. Ringi ya oili inaweza kukwama kwenye kaboni huku namba zikiwa safi.

Kiwango chako, lita 0.6 kwa kilomita 1,000, ni kikubwa, ila kipo chini ya lita 1 ambayo watengenezaji kadhaa huihesabu kuwa kikomo. Injini inaweza kuendelea miaka kwa hali hiyo ikiwa haiachwi kukauka. Kwenye injini nyingi, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni karibu lita 1, kwa hiyo kila kilomita 500 chomoa kijiti, gari ikiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika 5 au zaidi.

---

Goti_la_Chuma

Kwa hapo si aweke tu oili nzito ya 20W-50, moshi unakata?

---

Kijiti_cha_Oili

Ndugu yangu, moshi unaweza kupungua kweli, lakini gharama inahamia kwingine. Injini ya umri huo ikiwa na mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu, inategemea oili ipite kwenye vichujio na njia nyembamba sana. Oili nzito ikiwa baridi inachelewa kufika huko na kwenye kamshafti, na sekunde hizo za kwanza ndizo zinazosaga zaidi. Afungue kitabu cha gari: kuna jedwali la oili kwa joto la hewa. Ikiwa 5W-30 na 10W-40 zote zimo, kuhamia 10W-40 ni halali na mara nyingi kunasaidia. Asitoke nje ya jedwali.

---

Chasisi

Mwendo241, mlio wa kushoto na mvuto wa kushoto wakati wa breki vinaweza kuwa ugonjwa mmoja. Bushi (kiungo cha mpira) ya nyuma ya mkono wa chini ikichanika, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma, pembe zake zinabadilika, na gari inafuata upande huo. Kwa hiyo usikimbilie kununua breki.

Inua mbele kwa jeki, iweke juu ya stendi, usiingie chini ikiwa juu ya jeki tupu. Shika tairi juu na chini, utikise. Halafu kushoto na kulia. Ikicheza kushoto-kulia tu, ni tairodi. Ikicheza pande zote, mwambie mtu akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi au bushi. Kisha ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu, ubinue huku unatazama boljointi. Ikipanda na kushuka, gari hiyo isitembee mpaka ibadilishwe, maana boljointi ya chini ikichomoka gurudumu linalala ubavu. Binua na kwenye bushi ya nyuma. Nyufa nyembamba za juu juu kwenye mpira ni umri tu. Unatafuta mpira ulioachana na chuma, ukiona mwanga unapita.

"Kwa-kwa" nyepesi na ya haraka kwenye matuta madogo mara nyingi ni stebilaiza linki, kijiti kinachounganisha gurudumu na fimbo ya kuzuia gari kuyumba. Ni spea nyepesi kuliko zote hapo, na mtu akiifungua gari inakaa kimya papo hapo, kwa hiyo kipimo rahisi ni kufungua linki zote mbili na kuzunguka taratibu mtaa mmoja.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi wanakikosea. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na mkono ukipanda mpira unajisokota. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, umeufunga mpira katika mkao wa kuning'inia. Gari ikishuka chini mpira unakaa umesokotwa saa zote, na ndani ya miezi unachanika. Ndiyo hapo watu wanailaumu spea. Fanya hivi: ingiza bolti zote, zikaze kwa mkono tu, weka jeki chini ya mkono karibu na boljointi, pandisha taratibu mpaka gari iwe karibu kuachana na stendi upande huo, hapo ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu. Badilisha kushoto na kulia pamoja, kisha alaimenti. Shokapu nazo ni jozi siku zote, na ukizitoa tazama beringi ya juu yake, kazi ya kuifikia ni ileile.

Bushi zikiwa nzima na mvuto upo, rudi kwenye breki. Baada ya safari fupi yenye breki za kawaida, pima joto la diski za mbele kwa kipimajoto cha mionzi. Ikivuta kushoto na diski ya kulia ikawa baridi kuliko mwenzake, upande wa kulia ndio haufanyi kazi: pini za kaliba zimeganda, pistoni imekwama, au hosi imevimba ndani. Pini zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake. Pedi zikifika milimita 3 zibadilishe, na unene wa mwisho wa diski umegongwa kwenye diski yenyewe.

Mafuta ya breki kila miaka 2, kwa kuwa yanavuta unyevu kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, ila yakishavuta maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Na kwa gari ya miaka 17, unapotoa hewa usikanyage pedali mpaka sakafuni. Sehemu ya mwisho ya silinda kuu haijaguswa na sili kwa miaka, ina kutu na uchafu. Sili ikipita hapo inakwanguka, na kesho pedali inazama. Weka kipande cha mbao chini ya pedali kikomeshe safari yake.

---

Wayaringi

Kwa stata, multimita moja inamaliza ubishi. Gari ikiwa imelala usiku, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2, chaji kwanza ndipo uendelee. Washa huku unatazama: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Injini ikiwa inanguruma, alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.7.

Kisha pima waya. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha bloki, mtu azungushe stata. Zaidi ya volti 0.2 inamaanisha waya wa arthi umeoza kwa ndani au umefungwa juu ya kutu. Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, isizidi 0.5. Arthi mbovu kwenye gari kuukuu inaleta na visa vingine, taa kufifia na sensa kutoa kodi za uongo, kwa hiyo isafishe kwa brashi ya waya hata kama stata itapona kwa njia nyingine.

---

Mwendo241

Asanteni sana wakuu. Matokeo:

Presha ya maji imeshuka bar 0.2 kwa dakika 15. Chini ya pampu ya maji kuna mkondo mkavu wa kijani. Valvu ya PCV haikulia kabisa. Kompresheni: 12.6, 12.3, 12.5, 12.1. Bushi ya nyuma kushoto mwanga unapita, boljointi nzima. Arthi inapoteza volti 0.6, betri ni nzima. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi. Oili ya gia boksi ni kahawia iliyokolea, haina harufu ya kuungua.

---

Nati17

Vizuri sana, namba hizo zimeiokoa injini. Tofauti ya 12.6 na 12.1 ni asilimia 4 tu. PCV na waya wa arthi ni kazi ya nusu saa, zitangulie. Bushi wiki hii, kama Chasisi alivyoeleza.

Kisha pampu na taimingi ni kazi moja. Mkanda usio na kumbukumbu uuhesabu kuwa umekwisha. Mingi imepangiwa kilomita 90,000 hadi 100,000 au miaka kadhaa, kimojawapo kikitangulia. Na kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinafikiana, mkanda ukikatika valvu zinapinda hapo hapo. Nunua seti nzima: mkanda, tenshena, puli za kuongoza, pampu na gasketi yake. Ongeza sili ya mbele ya krenkishafti na ya kamshafti, kwa sababu zikivuja baadaye oili inaulowesha mkanda mpya, na mpira uliolowa oili haudumu. Tamosteti, hosi mbili kubwa na mfuniko viingie siku hiyohiyo, maana maji yameshamwagwa.

Baada ya kufunga, usiguse stata. Zungusha krenkishafti kwa spana ya mkono mizunguko miwili kamili, urudi kwenye alama. Ikikataa katikati usilazimishe, kuna valvu inagusa pistoni. Alama zikirudi sawa ndipo ufunge vifuniko.

---

Kijiti_cha_Oili

Nami niongeze kwenye sili za valvu: hedi haitolewi kwa kazi hiyo. Shusha pistoni kidogo kutoka juu, ingiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi ukiacha mkia nje, kisha zungusha krenkishafti kwa mkono mpaka kamba ibane valvu kwa chini. Hapo unafungua springi na kuvuta sili ya zamani bila valvu kuangukia ndani. Lakini subiri kilomita 1,000 baada ya PCV kabla hujaamua.

---

Chasisi

Gia boksi: pima kiwango kwanza, jinsi kitabu kinavyosema, zenye kijiti nyingi zinapimwa injini ikiwa inanguruma na oili ya moto, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote. Oili ikiwa pungufu, pampu inachelewa kujaza klachi, na kuchelewa kwa P kwenda D kunatokana na hilo au na sili za ndani zilizokakamaa.

Usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa presha. Mwaga kupitia bolti ya chini, ipime iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho cha aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Tuseme gia boksi inabeba lita 8 na zinatoka 4: mara ya kwanza oili mpya ni asilimia 50, ya pili 75, ya tatu karibu 88. Achanisha kila mara kwa kilomita 500 hadi 1,000. Mara ya kwanza shusha sampu (bakuli la oili la chini), badilisha filta na gasketi, safisha sumaku. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, simamisha kazi, usitumie oili zaidi hapo.

---

Mwendo241

Nimeelewa. Kulanti niliyonayo ni ya kijani. Naweza kuiongezea nyekundu baada ya pampu mpya?

---

Nati17

Hapana mkuu. Rangi haikuhakikishii aina, na aina mbili zikikutana zinaweza kuganda tope ndani ya rejeta. Suuza mfumo kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza nusu kulanti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu na nusu maji yaliyochujwa ya betri, yasiyo na asidi. Jaza taratibu, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho na pua ya gari imeinuka kidogo, mfuniko wazi, mpaka tamosteti ifunguke na hosi ya chini ipate joto. Mapovu yakiisha, funga. Asubuhi mbili zinazofuata, injini ikiwa baridi, fungua uongeze kilichoshuka. Mara nyingi ni hewa iliyobaki kwenye hedi inatoka. Ikiendelea kushuka asubuhi ya tatu, rudisha pampu ya presha.